KUMTAZAMA MAMA NA MTOTO

Somo: Ezekieli 16:4–6



Nabii Ezekieli alipotaka kuwaonyesha watu wa Yerusalemu jinsi Mungu alivyowapenda, hakuanza na habari za wafalme wala za vita. Aliwasimulia habari za kichanga. Mtoto amezaliwa, na hapana mtu wa kumkata kitovu, wala wa kumwosha, wala wa kumvika nguo. Ametupwa nje, na hapana jicho lililomhurumia. Ndipo Mungu akapita karibu naye, akamwona, akamtakia uzima. Tuangalie mpango wa habari hiyo. Kwanza Mungu aliona, kisha akaokoa. Basi kuona ni mwanzo wa rehema.

Hiyo ndiyo kazi ya wauguzi na wakunga wetu, ingawa sisi tunaoketi nje ya wodi hatuifahamu vema. Twauliza, "Mtoto gani?" Tukijibiwa, twapiga vigelegele na kudhani kazi imekwisha. Kumbe kwa muuguzi kazi ingali mbichi. Humkausha mtoto na kutazama kama anapumua. Asipopumua, husaidiwa ndani ya dakika ile ile ya kwanza. Kisha hutazama mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu za viungo, jinsi anavyoitika akiguswa, na rangi ya mwili. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, katika dakika ya kwanza na tena dakika ya tano, na alama zote ni 10. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 1953 na daktari mwanamke wa Marekani, Virginia Apgar. Sisi walimu tumesahihisha mitihani mingi, lakini mtihani huu haumfelishi mtoto. Unatuambia anahitaji nini.

Baadaye hupimwa uzito na joto. Aliye chini ya kilo 2.5 ataka uangalizi zaidi. Joto likishuka chini ya nyuzi 36.5, mtoto ameshikwa na baridi. Kwetu Ikinga, katika milima hii, jambo hilo si la kudharau, hasa miezi ya Juni na Julai. Dawa yake ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Kumwogesha kungoje saa 24. Kitovu kiachwe safi na kikavu, kisipakwe majivu wala kitu kingine cha nyumbani.

Na mama je? Hapa hatuna budi kuungama. Miaka iliyopita binti mmoja tuliyemfundisha alijifungua salama, na siku ile ile tukaona vema arudishwe nyumbani, maana ilikuwa wakati wa mavuno na watu walikuwa wengi. Tulifika na kuku na unga. Tulimpokea mtoto mikononi, tukaimba, tukamwombea. Mama yake alisema anasikia kizunguzungu. Tukamjibu kuwa ni uchovu wa uzazi, utapita. Hakuna hata mmoja wetu aliyefunua shuka. Alfajiri tulikuwa tukitafuta gari, na hakufika hospitali. Tulikuwa na macho, ndugu zetu, lakini yote yalimtazama mtoto.

Muuguzi hatazami hivyo. Huuliza damu inatoka kiasi gani, hushika tumbo ajue kama mji wa mimba umekaza, hupima presha, joto na mapigo ya moyo, huuliza kama mama amekojoa. Tena hurudia, kwa maana mama aliye mzima saa mbili asubuhi aweza kuwa hatarini saa nne.

Kazi hii ina matunda. Wakunga wa hospitali 8 za hapa Tanzania walipofundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Hata hivyo safari ni ndefu. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha ya kuwa vifo vya akina mama vimeshuka sana, lakini katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Miaka saba hivi nyuma walikuwa 25.

Kanisa letu tangu zamani lina ibada ya mwanamke aliyejifungua. Katika Kitabu cha Sala cha Uingereza cha mwaka 1549 iliitwa Utakaso. Mwaka 1552 ikaitwa Shukrani. Jina hilo la pili ndilo jema. Mama haji kanisani kama mchafu wa kusafishwa, bali kama mtu aliyevushwa hatarini. Lakini tutamshukuruje Mungu siku ya arobaini kwa ajili ya mtu tuliyekataa kumtazama siku ya kwanza?

Basi tufanye hivi. Mama asiharakishwe kutoka kituoni. Akae walau saa 24. Arudi kupimwa siku ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Waume watoe nauli bila kuombwa. Nasi wazee tunaokwenda kupongeza, tumwulize mama kwanza: damu inatokaje, ana homa, kichwa kinamwuma, macho yanaona vema? Kisha mtoto: ananyonya, anapumua mbio, amepoa, amekuwa wa manjano, ameshikwa na degedege? Tukiona dalili mojawapo, tusingoje kupambazuke.

Ee Mungu uonaye, tufumbue macho, tusimpite mama wala mtoto wake. Uwatie nguvu wauguzi wetu katika kesha za usiku. Kwa Yesu Kristo, aliyezaliwa na mwanamke. Amina.