Karamu ya Hotelini na Haki ya Jirani

Tumeulizwa: kijana wa Makina, Kibera, aliyeruzukiwa kazi njema, akitaka kufanya karamu ya arusi yake katika hoteli ya fakhari mjini Nairobi, kwa wageni ishirini tu, je, ana kosa?

Twajibu: chakula cha halali hakiwi haramu kwa kupakuliwa katika sahani ya ghali. Tena twaijua sababu ya furaha yake. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na katika zama za ukoloni Mwafrika hakuingia mahali kama hapo ila kwa kutumika. Mjukuu wa askari wa Kinubi akiandikiwa meza leo, hatumlaumu kwa kufurahi.

Lakini siku alipofiwa na baba yake, ni nani waliochimba kaburi, wakabeba jeneza, wakampikia mama yake? Ni majirani wa Makina. Waliokuja msibani bila ya kualikwa, yafaa waikose furaha kwa kutoalikwa? Mtume (S.A.W.) ametufunza ubaya wa walima wanaoitwa matajiri wakaachwa maskini, na alimwamrisha Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Basi na aende hotelini akipenda, bila ya deni wala israfu, baada ya kuwalisha pilau waliomzika baba yake. Nasi wa Mombasa na Lamu tusimcheke. Kumbi zetu nazo zina mabawabu.

Wallahu aalam.