Moshi wa Gari na Haki ya Mpita Njia

Magari mengi ya Marekani, tangu yale ya mwaka 1975, yana katika bomba la moshi chombo chenye vitundu kama masega ya nyuki, kilichopakwa platini na madini mfano wake. Kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi, sumu isiyo rangi wala harufu, kabla haijatoka nje. Wapendao mbio hukitoa, ili injini ipate nguvu kidogo na ngurumo nyingi, ingawa sheria ya huko yakataza.

Hoja yao ni kuwa gari ni mali ya mwenyewe. Nayo si ya kudharauliwa. Mafakihi wa Kimaliki walimzuia mwenye tanuri ikiwa moshi wake wamdhuru jirani. Wa Kishafii walimpa mtu nafasi zaidi ndani ya milki yake. Lakini njia si milki ya mtu. Huruhusiwa kuitumia kwa sharti ya salama ya wapitao. Mwenye gari huenda zake na ladha yake. Anayebaki kuuvuta moshi ni mtoto aliyesimama kando, wala hakutakwa shauri. Na haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake, mpaka mwenye haki aridhike. Atamtafuta wapi mtoto yule amwombe radhi?