Siri Isiyo na Shahidi

Mkazi wa Tunduma hahitaji kusafiri ili aione Zambia. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopitiwa na mpaka katikati. Kwacha na shilingi hupokezana mikononi mwa wabadilisha fedha, malori ya shaba yanayotoka Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu, na wako wanaovuka asubuhi kwenda kuuza na kurudi jioni kulala. Mwaka 2021 Zambia ilitunga sheria inayomruhusu mwenye leseni kulima bangi kwa ajili ya tiba. Malawi, iliyo ng'ambo ya Mto Songwe ukitokea Ileje, ilikwisha kupitisha sheria yake Februari 2020. Upande wa Tanzania hakuna daktari anayeweza kumwandikia mgonjwa bangi, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Mwaka 2019 Jumanne Kishimba, mbunge wa Kahama Mjini, alisimama bungeni akitaka zao hilo liruhusiwe kwa ajili ya dawa. Sheria ilibaki ilivyokuwa.

Tuseme yupo kijana wa miaka 24 katikati ya sheria hizi tatu. Amemaliza chuo, anaendesha bodaboda ya mkopo, na mkopo wenyewe ni wa riba kali, ule uitwao kausha damu. Usingizi umempotea. Amesoma kwenye simu kwamba Marekani watu huandikiwa bangi kwa ajili ya wasiwasi, na rafiki wa kijiweni amemhakikishia kuwa msokoto mmoja jioni hutuliza kichwa. Baba yake ni mzee wa kanisa, mama yake ni mwanakwaya, naye bado anaishi kwao. Kijana huyu hatafuti kulewa. Anatafuta nafuu ya stresi, na hataki wazazi wajue.

Polisi wana jibu lao kwake, nalo ni fupi. Dhamiri yake ina swali refu zaidi: mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima anadaiwa nini na wazazi wake kuhusu mwili wake mwenyewe?

Hofu ya wazazi hao haistahili kubezwa. Wamisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, kazi yao ikaenea hadi Mbozi, na nyumba nyingi za mkoa wa Songwe, ulipo mji wa Tunduma, zimelelewa katika nidhamu hiyo, au ya Kikatoliki, ya Kilutheri, ya Kipentekoste. Lakini katazo la bangi halikutoka mimbarani tu. Kwa mzazi, bangi ina sura ya mtoto wa jirani aliyeanza na msokoto akaishia kupelekwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 ambayo jina lake limegeuzwa tusi mitaani. Na sayansi inampa mzazi huyo zaidi ya nusu ya ushahidi anaouhitaji: bangi kali, ikivutwa kila siku tangu ujanani, inahusishwa na hatari kubwa zaidi ya mtu kuchanganyikiwa akili.

Hata hivyo, dini ya wazazi ni pana kuliko hofu yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayataja matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa kubwa, kisha inaweka kando yale ya tiba hasa. Mtume Paulo alimshauri Timotheo kutumia mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Katika fikihi ya Kiislamu pia, al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alitenganisha kinacholevya na kinachopumbaza, na hoja ya dharura imejadiliwa kwa karne nyingi: mgonjwa asiye na dawa nyingine hahukumiwi sawa na anayetafuta starehe. Tanzania yenyewe inaishi na tofauti hiyo. Morfini, inayotokana na mmea uleule wa afyuni unaotengenezewa heroini, hutolewa kwa wagonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road. Methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, hutolewa katika hospitali ya Muhimbili tangu 2011 na katika hospitali ya rufaa ya Mbeya tangu 2017. Kinachozitenganisha na sumu ni kipimo, kumbukumbu na mtu anayewajibika kwa kile alichokitoa. Kijana wa Tunduma hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na jambo hilo linabadilisha kila kitu katika siri yake.

Siri hiyo inagusa mambo mawili. Kwanza, utii. Amri ya kuwaheshimu baba na mama, katika Kutoka 20, haina kikomo cha umri, na ndiyo maana inawabana watu wazima hadi leo. Lakini Paulo anapoirudia kwa Waefeso hakosi kuwageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Sura ya Luqman katika Qur'ani inakwenda mbali zaidi: wazazi wakimshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, asiwatii, ila aendelee kukaa nao kwa wema duniani. Utii unaweza kufika mwisho, wema haufiki. Kwa hiyo aliye mtu mzima anaweza kuchagua tiba ambayo baba yake asingeichagua na bado akawa mtoto mwema. Wakunga wa jadi, waganga wa miti shamba, sindano za uzazi wa mpango: katika kila kizazi wako waliotumia kitu ambacho wazazi wao walikikataa.

Pili, uongo. Augustino aliandika vitabu viwili dhidi ya uongo, kimoja kati yake yapata mwaka 395 na kingine yapata 420, na katika ukali wake wote aliacha nafasi ya kunyamaza: kuficha ukweli kwa kukaa kimya si sawa na kusema uongo. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyatazama maneno kama njia ya kufikia lengo, akaruhusu uongo pale tu lengo jema na la lazima haliwezi kufikiwa kwa ukweli. Mwanafalsafa Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, hakuruhusu hata huo. Watatu hawa hawakubaliani katika mengi, lakini ukiwaweka mbele ya kijana wa Tunduma watakutana mahali pamoja: kutokusema ni jambo moja, na kumtazama mama usoni na kumwambia harufu ile ni ya moshi wa jirani ni jambo jingine. Siri ya bangi haibaki kimya kwa muda mrefu. Ina harufu, ina macho mekundu, ina pesa zinazopungua. Kila wiki inadai uongo mpya wa kuilinda.

Hapo ndipo hoja ya faragha inapoingia, na Afrika Kusini imeifikisha mbali kuliko nchi nyingine yoyote ya kusini mwa bara hili. Gareth Prince, Mrasta aliyesomea sheria, aliiomba Mahakama ya Katiba itambue kuwa kuvuta bangi ni ibada yake. Mwaka 2002 alishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Alirudi, na Septemba 2018 mahakama hiyohiyo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilikubaliana kwa kauli moja kwamba mtu mzima akitumia bangi kwa faragha, dola haina kazi naye. Dini ilishindwa, faragha ikashinda. Nchini Kenya Warasta walifungua shauri la kidini kama hilo mwaka 2021.

Lakini faragha ya Prince ni ya mtu mwenye nyumba. Kijana anayelala kwa wazazi hana mlango wake mwenyewe, na hata aliyepanga geto la chumba kimoja anasikika hadi chumba cha tatu. Chumba anachovutia ni cha baba yake, na polisi wakiingia, atakayeaibika mbele ya mtaa na usharika ni baba huyo. Ndiyo maana hoja ya «mwili ni wangu», iliyo nzuri sana Johannesburg, inayumba ikifika Tunduma. Mwili ni wake kweli. Hatari ameigawa kwa wote bila kuwauliza.

Historia ya bara hili ina mfano uliogeuza jambo hili kichwa chini. Katika miaka ya 1870, huko Kasai, katika Kongo ya leo, mtawala Kalamba Mukenge aliifanya bangi kuwa kiini cha dini mpya. Wafuasi walichoma hirizi za zamani, wakaacha pombe ya mchikichi, wakajiita watoto wa bangi, na kuivuta kukawa tendo la pamoja la urafiki na amani. Mjerumani Hermann Wissmann aliwakuta mwaka 1881, miaka 14 kabla ya kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Dini ile haikudumu, na ilikuwa na ukatili wake: mkosaji aliweza kulazimishwa kuvuta mpaka azimie. Ila kuvuta hakukuwa siri ya mtu mmoja gizani. Kulikuwa na sheria, na kulifanyika mbele ya wengine.

California nayo ilipata mashahidi wa aina yake. Kura ya maoni ya Novemba 1996, iliyopewa namba 215, ilimruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa pendekezo la daktari, na Julai 2019 Pennsylvania iliongeza wasiwasi uliopindukia katika orodha ya magonjwa yake. Kijana wa huko anayepitia njia hiyo ya tiba anaweza kuwaficha wazazi, lakini yupo daktari aliyemuuliza maswali na lipo duka lenye lebo inayosema kuna kiasi gani cha THC, kemikali ya bangi inayolevya. Anapowakwepa wazazi, bado kuna mtu mzima mwingine aliyebaki akimwangalia.

Ule ni mfumo, na una udhaifu wake, maana wako madaktari walioandika pendekezo baada ya mazungumzo ya dakika chache. Lakini kipimo kina uzito kuliko inavyodhaniwa vijiweni. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago waliwagawa watu 42, wengine wakapewa THC na wengine kidonge kisicho na dawa, kisha wakawaweka katika mtihani wa kuwatia msongo. Miligramu 7.5 ziliwapunguzia msongo. Miligramu 12.5 ziliwaongezea hali mbaya, tangu kabla ya mtihani na wakati wa mtihani. Kati ya nafuu na madhara palikuwa na miligramu 5. Hakuna muuza msokoto anayeweza kukisia hilo kwa macho. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha mapitio ya tafiti 83, yakaona ushahidi kwamba bangi hutibu sonona au wasiwasi ni haba mno. Mahali ambapo dawa za bangi zimethibitika vizuri zaidi ni maumivu sugu, kichefuchefu cha tiba ya saratani, na aina chache za kifafa.

Kwa hiyo kijana wetu yuko katika hali ngumu kuliko mwenzake wa California kwa sababu isiyotajwa sana. Sheria, kwa kumfungia mlango wa daktari, imeifanya siri yake kwa wazazi kuwa siri kwa kila mtu isipokuwa rafiki na muuzaji, yaani wale wawili ambao hawatamwambia «basi». Kuvuka kwenda Nakonde hakumsaidii, kwani sheria ya Zambia imewalenga wenye leseni, na mtu wa kawaida anayevuta bado anavunja sheria. Kuficha jambo kwa mama kunaweza kuwa haki. Kulificha kwa kila mwenye uwezo wa kukuzuia ni kujitelekeza, na hapo wazazi wana madai ya kweli.

Madai hayo yana mipaka. Wanachostahili kujua ni kwamba mtoto wao anaumwa. Orodha ya kila alichojaribu ili apone si deni lao. Nchi imekwisha kukubali mantiki hiyo katika jambo zito zaidi: Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilishusha umri wa kupima virusi vya Ukimwi bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuyajua majibu ya damu yake kabla ya baba yake, mradi yupo mhudumu aliyekaa mbele yake.

Kuhusu msongo wa mawazo, mtu wa kukaa mbele ya kijana alipatikana Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, akiwa na uhaba wa wataalamu, aliwafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza na kusaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, uliochapishwa Desemba 2016 katika jarida la JAMA, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Songwe ina akina bibi wa kutosha, na ina desturi ya mjukuu kumtania bibi na kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama. Shangazi na mjomba nao wamezoea kupeleka ujumbe mgumu kwa wazazi, wakichagua wakati na maneno. Bibi wa benchini hawezi kuandika dawa. Anaweza kuuliza mkopo ni wa shilingi ngapi, nani anadai, na kijana amelala saa ngapi jana.

Nyumbani, maneno ya kwanza hayahitaji kutaja msokoto. «Mama, silali, na deni linanimaliza» ni ukweli mtupu, na mama aliyeyasikia ana la kufanya kesho yake asubuhi: kuandamana na mwanawe hadi zahanati, au kuongea na mwenye mkopo. Mengine kijana anaweza kumwambia mganga wa zahanati, ambaye hatakiwi kuyafikisha kanisani.