Jembe na Kitabu

Ndugu walimu wa watoto, twauliza neno moja: je, yafaa kumfundisha mtoto kwa kitabu kwamba bustani ni baraka, kisha akikosa tumpe jembe kuwa adhabu? Hapa Masasi na Newala mambo hayo mawili huonekana chini ya paa moja. Asubuhi mtoto hufinyanga bibo kwa udongo, na korosho yake akaining'iniza nje, chini ya bibo, kama ilivyo mtini; naye hufurahi. Kesho yake amechelewa, aambiwa, "Kalime!" Ataamini lipi? Ataamini mkono wake.

Wako wasemao kwamba kazi ngumu humnyosha mtoto. Ni kweli, wala hatusemi aachwe bila kurudiwa. Lakini katika Mwanzo, sura ya 2, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, naye hajakosa bado. Miiba na jasho vyatajwa katika sura ya 3. Nasi twawapa watoto ile ya 3 kwa jembe, na ya 2 kwa karatasi tu.

Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya taabu. Mtoto aliyemwagilia mche kwa kata moja ya maji aliyoyabeba mamaye amejifunza jambo lisilochoreka. Tena ugonjwa wa ubwiriunga ukianza kuyapaka maua ya mkorosho weupe, ni nani atakayeuona mapema, ila yeye aliyezoea kuutazama mti kwa mapenzi?

Basi adhabu itafutwe nyingine. Na mche aliouchora mtoto, apewe aupande mwenyewe, uitwe wake.