Huruma ya Bakuli Lililojaa

Rukia mwanangu, kaa kitako. Haya nimeshawaambia wenye paka wengi hadi nimechoka, lakini kwako ni mapya, basi nitayasema tena polepole.

Huyo paka wako ana kilo 7, na kwa umbo lake alitakiwa awe na 5 hivi. Usiniambie ndivyo alivyoumbwa. Mpapase ubavuni: mbavu huzipati mpaka ubonyeze. Mtazame kwa juu akiwa amesimama: kiuno hana.

Unasema unamwonea huruma, na unanitajia yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Naam, lakini isome yote. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Wewe nusu moja umeikwepa, ya pili umo ndani. Umemfungia ghorofa ya tatu pale Michenzani, hana panya wa kumkimbiza, hana paa la kurukia, kisha bakuli limejaa kutwa kucha. Na umeshamhasi. Paka aliyehasiwa hamu ya kula humzidi, ilhali mwili wake unahitaji kidogo kuliko zamani. Sasa hayo mafuta ulitaka yaende wapi?

Wala usiinuke sasa hivi ukaliondoe bakuli. Nakujua kwa pupa. Paka mnene akikaa siku mbili tatu hajala, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, ini likalemewa, na anaweza kufa. Paka hafungishwi saumu. Akigoma kula, siku hiyohiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na hata kabla hujaanza, mpeleke, kwani unene huja na kisukari na maumivu ya viungo, na hayo wewe kwa macho huyaoni.

Halafu nunua mizani ya jikoni, ile ya gramu. Kikombe kinakudanganya. Chakula kikavu cha dukani kina kama kilokalori 350 hadi 400 katika gramu 100, na paka wa kupunguzwa afike kilo 5 huanzia kwenye kilokalori 190 hivi kwa siku. Hesabu kamili ya wako atakupa daktari. Hizo ni gramu kama 50 tu kutwa nzima. Ukimrushia 10 za mapenzi, umemwongezea sehemu ya tano ya posho yake. Cha kopo kina maji mengi, kwa hiyo hupata kingi zaidi kwa kalori zilezile. Ila mbadilishie taratibu kwa wiki nzima, paka hapendi kushtukizwa.

Usije ukajidai kumkondesha kwa ugali na dagaa. Huyu ni mla nyama. Akikosa taurini, macho na moyo huharibika. Na mabaki ya mchuzi msimpe kabisa, kwa sababu vitunguu na thomu ni sumu kwake.

Kazi yenyewe, mwanangu, iko kwa watu wa nyumbani. Wewe utapima, mumeo atampa kichwa cha changu, watoto watamdondoshea nyama ya pilau, na kila mmoja ataapa kwamba ni kidogo tu. Asubuhi tia posho ya siku nzima kwenye kopo moja. Anayetaka kumlisha achote humo, kikiisha kimeisha. Igawe mara nne, na nyingine ifiche pembeni mwa vyumba aitafute kwa pua na miguu yake. Akikulilia alfajiri, usimjibu kwa chakula. Amejifunza kwamba ukiamshwa unafungua kabati, na wewe ndiye mwalimu wake. Mchezeshe kamba baadaye, akishanyamaza.

Kisha subiri. Kupungua kwa salama ni kama asilimia 1 ya uzito kwa wiki, kwake ni gramu 70. Mizani yako ya kupandia ya chumbani haizioni hizo, kwa hiyo mpime kwa daktari kila baada ya wiki mbili. Akipungua zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, mwongezee. Kilo 2 zitakuchukua zaidi ya nusu mwaka, na kuna wiki mizani haitasogea, nawe utakuja hapa kunilalamikia.

Mumeo nitazungumza naye mimi. Atanuna wiki moja, halafu kichwa cha changu atakila mwenyewe.