Tajiri ni nani kati yetu?



Siku moja katika mafundisho ya wababa tuliuliza swali jepesi: kati yetu tajiri ni nani, na maskini ni nani? Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenye pikipiki mbili za kukodisha alisema yeye yuko katikati. Mwalimu, ambaye mshahara wake hukawia hata miezi, alisema naye yuko katikati. Kijana anayeosha mawe mtoni alisema maskini ni wale wasiokula bukari hata mara moja kwa siku, yeye ashukuru Mungu. Basi sisi sote tulikuwa katikati! Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana nje mlangoni palikuwa na gari moja na jozi nyingi za kandambili.

Wazee wetu hawakuwa na shida hiyo. Tangu Union Minière ilipojenga mji huu wa Kolwezi mwaka wa 1937, na baadaye Gécamines ilipoishika kazi mwaka wa 1967, nyumba yenyewe ilisema mtu ni nani. Wakubwa walikaa penye bustani na miti, wafanyakazi walikaa kambini, na kila mmoja alijua posho yake na ya jirani. Haikuwa haki, kwa sababu kwa miaka mingi rangi ya ngozi ndiyo iliyogawa nyumba, na baada ya wazungu ikawa diploma. Lakini ngazi ilionekana, na mtu alijua anasimama kidato gani. Ndiyo maana watu walisema kampuni ndiye baba, ndiye mama.

Ngazi hiyo ilivunjika mbele ya macho yetu. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka wa 1986 ilitoa karibu tani 30,000 tu mwaka wa 1994. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na ninyi mnajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Baba aliyekuwa mkubwa ofisini akaanza kuuza mkaa, na kijana asiyemaliza shule akarudi kutoka shimoni na fedha ambazo mwalimu hazioni kwa mwaka.

Tangu hapo hatujui tena kwa nini huyu anacho na yule hana, na mtu asiyejua sababu hujitungia. Kumbukeni Kasulo. Mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba ya mtu, na muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo. Mshipa wa madini ulipita chini ya nyumba moja ukaiacha ya pili. Mwenye kiwanja cha kwanza alipata fungu lake kwa magunia yaliyotoka. Wa pili alipata nyufa ukutani. Je, tulisema ni bahati ya mawe? Hapana. Tulisikia mara nyingi kwamba fulani ana nyoka chumbani, kwamba amepatana na mambamuntu, kwamba amemtoa mtoto wa ndugu yake. Na mpaka leo wako wanaokuja kwa nabii kuuliza ni nani aliyefunga fedha zao, na jina walilokwisha kuliweka moyoni ni la jirani, au la shangazi mzee.

Hatusemi uchawi haupo. Tunasema kwamba macho yetu huishia kwenye ukuta wa jirani. Malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, vumbi lake tunalila, na mwenye mzigo hatumjui uso. Huyo hatumwonei wivu, kwa kuwa wivu unataka uso. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inasema kati ya ushuru ule wa madini yanayotolewa, sehemu 15 kwa mia ni ya mji au eneo ambamo mgodi upo, na sehemu 25 ni ya mkoa. Zimefika wapi, zimejenga nini? Swali hilo halihitaji maono, linahitaji watu waende ofisini kwa adabu waulize, na wakijibiwa vibaya warudi tena. Lakini ni nani kati yetu amewahi kwenda?

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanaona mali kuwa ndiyo baraka yenyewe, na umaskini kuwa alama ya dhambi iliyofichwa. Rafiki za Ayubu walifikiri hivyo, na Bwana aliwakemea. Sisi mashemasi tusijitoe hapo. Mnunuzi mmoja wa madini alipotupa mabati, tulimwekea kiti cha mbele chenye mto, ijapokuwa Yakobo (2:1-4) ameandika wazi juu ya viti. Hatukuuliza mizani yake inapima namna gani, ingawa vijana wetu wanaomuuzia wako papa hapa katika kuimba, na mmoja wao alitazama yale mabati akasema kwa sauti ndogo kwamba anajua magunia yaliyoyanunua. Tulimwambia anyamaze. Ni sisi tuliomwambia hivyo.

Tunavaa kanzu nyeupe ili mbele za Mungu mtu asipambanuliwe, na tunavua viatu. Lakini miguu haivai kanzu. Siku ile ya mabati miguu iliyopasuka ilikuwa nyuma, na ile laini mbele, nasi ndio tuliopanga.

Juma lililofuata tulimwita yule kijana, tukamwomba msamaha, kisha tukaenda na wazee wawili kwa mnunuzi kusema naye juu ya mizani. Alikasirika, na amekosa sala tatu. Mabati yako juu, mvua ya mwezi wa kumi na moja haikutuingilia, na tunapoitazama dari hatukubaliani bado kama tuyarudishe. Kile kiti chenye mto tulimpelekea mama mmoja mjane, ambaye mume wake aliondoka kazini katika mpango ule wa 2003. Alikitazama, akatoa mto akamlaza mjukuu wake juu yake, naye akabaki kwenye mkeka pamoja na wenzake.