Mkono na Mashine

Chombo ni mkono wa pili wa fundi. Mkono wa kwanza hutolewa bure na Mungu. Wa pili hununuliwa, na kila kinachonunuliwa hapana budi kuulizwa bei. Swali la mhunzi afikiriye kuongeza mashine katika karakana ya nyumbani laonekana kuwa la fedha. Kwa hakika ni swali la wema.

Arash, katika wilaya ya Ngorongoro, ni nchi ya wafugaji. Wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, waliwafulia watu mikuki na sime za kulinda ng'ombe, lakini walidharauliwa na kuepukwa katika ndoa na wale wale waliolindwa na kazi yao. Fuawe, nyundo na mivukuto vilitosha haja za zamani. Haja za leo ni pampu ya maji, mashine ya kusaga mahindi na pikipiki. Mhimili wa pampu hautengenezwi kwa nyundo tu. Hutaka mfereji ulionyoka, ili kabari ikae imara.

Fundi mwenye jiliwa, tindo na tupa aweza kuuchonga mfereji huo kwa jasho jingi. Mashine ya kuchongea chuma yenye mhimili mlalo huumaliza upesi: kisu cha duara chenye meno huzunguka mahali pake, na chuma kilichofungwa mezani hupitishwa chini yake. Lakini mashine hiyo ni nzito, hutaka umeme au injini, na katika nyumba ya mfugaji bei yake huhesabiwa kwa ng'ombe. Ng'ombe si mali ya mume peke yake. Ni maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya mwaka wa ukame. Tamaa ya mmoja yaweza kuwa njaa ya wengi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hatari ni kununua mashine kwanza, kisha kuitafutia kazi. Joseph Brown wa Marekani alipobuni umbo moja mashuhuri la mashine hii mwaka 1862, kazi ilikuwa imekwisha tangulia: mifereji ya keekee ilichongwa kwa tupa, na mikono ilikuwa imechoka. Haja ilizaa chombo.

Basi fundi na ahesabu, kwa msimu mzima, kazi zilizoondoka mlangoni pake bila kufanywa, wala asihesabu zile anazoziota. Kama ni chache, na atake mashine ili asionekane mdogo mbele ya mafundi wa Arusha, atakuwa mtumwa wa chuma. Kama ni nyingi, na kisima hukaa kimya kikingoja mhimili uliopelekwa mjini, kuikataa mashine kwa kuionea fahari tupa ni kiburi vile vile. Jasho halina utukufu linapomcheleweshea jirani maji. Yamkini mafundi kadhaa waweza kuinunua mashine moja kwa shirika, na mzigo ukawa mwepesi kwa kila nyumba.

Heshima ya mhunzi haikuwa ndani ya nyundo, wala haitakuwa ndani ya mashine. I katika pampu iliyotoa maji tena.